Mvua na Mashuka

Mvua ya kwanza ya vuli huwa naipokea uani, kichwa wazi. Mama alinifundisha: hiyo imetoka kwa Mola sasa hivi, ikikugusa omba dua. Leo wingu lilikuwa limeshainama juu ya bati. Nikavua mtandio, nikakinga viganja. Wingu likarudi nyuma.

"Nimeiahirisha, mama," akasema Rukia, mke wa mwanangu, simu mkononi. "Nguo hazijakauka."

"Umeahirisha rehema kwa ajili ya mashuka?"

"Kila nyumba mtaani ina zamu ya kuamua kwa simu mvua inyeshe lini. Leo ni yetu."

Nikayaanua mashuka yote, mabichi vilevile, nikayatupa kitandani kwake. Kisha nikarudi uani, viganja juu. Maisha yangu yote dua ile niliianza kwa jina la Mungu. Leo nimeianza kwa, "Rukia, mwanangu, tafadhali."