Ovaroli Kwenye Mfuko wa Panya

"Mama, mimi si panya!"

"Panya hawanibishii," alisema Mwajabu bila kuinua macho. "Barakoa sikupi."

Sefu alikuwa amekuja maabara ya panya akiwa amevaa ovaroli lake la kupulizia magari rangi, kumwomba mama yake barakoa ili arudi gereji. Tangu apandikizwe figo ya mama huyo, alikuwa akimeza dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae.

Mwajabu akamsogezea visahani viwili vyenye mapafu madogo ya panya.

"Wote tuliwachoma sindano ya kemikali ileile ya kusababisha saratani, kama zilizomo kwenye rangi zako. Hawa walibaki na kinga yao. Hawa tuliwashushia, kama wewe. Tazama."

Mapafu ya kwanza yalikuwa na vivimbe vichache. Ya pili yalikuwa kama yamemwagiwa chenga za mchele.

"Lakini rangi ndiyo kazi yangu, Mama."

"Na figo ni yangu. Nilikupa uishi nayo, si uzikwe nayo."

Sefu akafungua zipu, akavua ovaroli na kulisokomeza kwenye mfuko wa takataka za panya zinazokwenda kuchomwa. Akatoka na fulana na kaptula.

Mwajabu akaufunga mfuko. Mkono mmoja wa ovaroli, mwekundu kwa rangi, ulibaki ukining'inia nje.