Mama Ngiri Aziba Mlango

Sogeeni niwape hii, ila msinililie. Jua la mbugani lilikuwa linazama, na Mama Ngiri alikuwa hajapata shimo la kulaza wanawe watatu. Hofu yake yote ilikuwa Simba.

Nungunungu akamwita, "Dada, njooni kwangu tubanane."

"Kwako padogo, kaka, hatutaenea. Nimeona lile la kichuguuni, pana, safi."

"Shimo zuri namna ile halikosi mwenyewe!"

"Wivu huo!"

Akawatanguliza watoto, kisha akaingia kinyumenyume kama ngiri wote, meno yakitazama nje. Simba akaja, akayaona meno, akaenda zake. Mama akacheka kimoyomoyo.

"Mama, kuna kitu cha baridi kinanizunguka," akasema kitinda mimba.

"Ni udongo, mwanangu. Lala. Mlango nimeuziba mimi."

Punde kukawa kimya, akashukuru kwamba wamelala.

Asubuhi akatoka, akawaita. Akawaita tena. Aliyechungulia alikuwa Chatu, mwenye shimo, tumbo limemjaa. "Ahsante kwa kunilindia mlango, jirani."

Jioni Nungunungu alimkuta amesimama nje kwake, peke yake.

"Ingia, dada."

"Ndiyo, kaka," akasema Mama Ngiri. "Sasa nitaenea."