Sanduku la Hargreaves

Bweni zima lilimwita Lodi, kama mabwana wakubwa wa Kiingereza, naye Zebedayo Hargreaves aliitika bila haya. Kwa mihula mitatu alikuwa amewahubiria wenzake, mkono kifuani, kwamba ukoo wao ulitoka Uingereza, katika ngome yenye mbwa arobaini. Ushahidi ulikuwa sanduku lake la bati, lenye jina hilo ubavuni kwa rangi nyeupe.

Siku ya wazazi bibi yake aliliona akacheka mpaka akashika kiuno.

"Kumbe bado lipo! Babu yako alimbebea Mzungu hili kichwani siku nne. Karani wa vitambulisho akamuuliza jina. Yeye anahema tu, basi karani akanakili la kwenye sanduku. Sisi ni ukoo wa Ngwandu, wewe mume wangu mdogo."

"Pole, Lodi," sauti ikatoka kitanda cha juu. "Na mbwa je?"

Bweni likaangua kicheko. Zebedayo alitamani sakafu immeze.

Bibi alipoondoka, Zebedayo aligeuza sanduku ili jina litazame ukuta. Likamponyoka, likapinduka. Chini yake bati lilikuwa limebonyea, duara la ukubwa wa utosi wa mtu. Akaweka kiganja humo, na kengele ya chakula ilipolia hakukiondoa.