Sahihi ya Tisa

Sambusa zilinukia ukumbi mzima, lakini kwa desturi ya Kitivo cha Sayansi, kawa haifunuliwi mpaka wajumbe tisa watie sahihi na kikao kihalalike. Walikwisha tia wanane. Ajenda ilikuwa moja: kuifunga idara ya mimea ya Dokta Mwanakombo, iliyopata wanafunzi wanne tu mwaka huu.

“Tia sahihi, dada, chai inapoa,” alisema Profesa Lugendo, mkuu wa kitivo.

“Yaani nijichimbie kaburi ili nyie mle?”

Wakacheka, macho kwenye kawa.

Dirishani Mwanakombo aliwaona wanafunzi wake, wote wanne, wakimwagilia miche. Akaiweka kalamu juu ya karatasi, akatoka kwenda kushika ndoo ya tano.