Ndoo ya Somoe

Saa nne asubuhi, siku ya kwanza ya kazi yake mpya, Somoe aliteremka hadi chini ya ngazi, ambako wafagiaji wa ofisi ile hunywa chai wakiwa wamekalia ndoo. Miaka sita alikuwa mmoja wao. Kuandika programu za kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa karatasi alizookota kwenye mapipa ya taka ya ghorofa ya juu. Sasa meza yake ilikuwa huko juu, kati ya vijana walioziba masikio kwa vipokea sauti vya muziki, na tangu asubuhi hakuna aliyemsemesha.

Wenzake walipomwona, waliinuka wote watatu. Bi Riziki, aliyezoea kumwita mwanangu, alivuta kiti cha mlinzi, akakifuta kwa kanga yake.

"Karibu, bosi."

"Bi Riziki, ni mimi Somoe. Nipe ndoo yangu."

"Utachafua sketi, mama."

Somoe hakukikalia kiti. Nao hawakuthubutu kukaa hali yeye amesimama. Wakanywa chai hivyo hivyo, wima, kiti kitupu kikiwa katikati yao. Kando ya mafagio, ndoo yake ya bluu ilikuwa bado imefudikizwa, tayari kukaliwa.