Dole Gumba la Mama Pili

Mashine ilikikataa kidole cha Mama Pili kwa mara ya kumi, ikawasha taa nyekundu na kulia kama kifaranga aliyekanyagwa.

"Jaribu kingine, mama," alisema Ida.

Mama Pili alikuwa ameshajaribu vyote kumi. Akavifuta kwenye kanga, akavitazama, akacheka kicheko cha mtu mwenye aibu. Miaka kumi na tisa ya kubangua korosho ilikuwa imevilamba vidole vile vikabaki laini kama kipande cha sabuni. Mafuta ya ganda la korosho hayana utani na ngozi ya mtu.

Ida Erasto, binti wa katekista wa Lisekese, Masasi, alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi wa viwanda, na chuo kilikuwa kimempeleka kiwanda kimoja cha korosho Newala kwa mafunzo ya vitendo ya mwaka mzima. Miezi minane ya kwanza alifagia karakana na kuwachemshia mafundi chai. Ndipo ilipoletwa mashine ya mahudhurio, na meneja, Bwana Jafari, akamkabidhi. Vibarua wa msimu walisomwa wote bila shida. Waliokataliwa ni wanawake kumi na wanne tu, wabanguaji wa siku nyingi, na ndio hao hao pekee waliokuwa na ajira ya kudumu yenye kiinua mgongo.

"Vidole hivi vinanisumbua tangu mwaka juzi," alisema Bwana Jafari. "Kuandika hawajui, na ukiwapiga wino kwenye karatasi linatoka doa tupu. Afisa kazi alinirudishia karatasi zote. Ukinipatia alama za hao kumi na wanne, ripoti yako nitaijaza kwa mkono wangu mwenyewe, na ukimaliza chuo uje hapa hapa."

Kichwa kikamvimba Ida. Na nani asingevimba?

Alikuwa amepanga chumba kwa Mama Pili, kwenye daftari la kiwanda Selestina Isaka, mjane aliyemsomesha Pili na kumuuguza mama yake mzazi kwa kazi hiyo hiyo moja. Jioni ile, wakila ugali wa muhogo na kisamvu, Mama Pili alisema alichokuwa nacho moyoni. "Mwanangu, wametutangazia kwamba asiyesomwa na mashine hayupo kazini. Ikinikataa, unga wangu umemwagika."

"Haitakukataa," alisema Ida. "Nakuapia."

Kuapa ni rahisi kwa mtu wa miaka ishirini na mbili.

Akasoma, akauliza, akagundua kwamba ngozi ya kidole ikipumzishwa huota upya na alama zake zile zile. Akaenda kwa meneja na ombi alilolikariri njia nzima: wale kumi na wanne watolewe kwenye kubangua, wapelekwe kumenya, ambako ni kazi kavu isiyo na mafuta, kwa siku arobaini. Alijiandaa kubishana. Bwana Jafari alikubali hata kabla hajamaliza kusema, akaagiza na glavu.

Kumenya ni kazi ya wasichana wageni, na akina mama walinung'unika kwamba wanashushwa. "Kama ni Ida kasema, tutamenya," alisema Mama Pili, na wenzake wakamfuata.

Kila jioni Ida alimwosha mikono kwa kopo la maji ya uvuguvugu, kisha akampaka mafuta ya nazi, kidole kimoja kimoja.

"Ninyi watu wa Masasi mnachezea maji," Mama Pili alimtania, maana Newala dumu la maji ni mali. Lakini hakuitoa mikono. Siku ya thelathini aliliinua dole gumba kwenye mwanga wa dirisha. Vijistari vilikuwa vimerudi, vyembamba, vinazungukana. "Hiki kidole niliachana nacho usichanani," alisema. Ida akalia, wala hakujificha.

Ijumaa ya usajili, Marko, karani wa ofisi, aliketi nyuma ya kompyuta, kioo kimemwelekea yeye. Kila mama aliweka dole gumba mara mbili. "Mara ya kwanza kusajili, ya pili kuthibitisha," Marko alieleza. Ida ndiye aliyewashika mikono na kukigandamiza kila kidole taratibu kisiteleze. Baada ya kila mmoja, Ida naye aliweka kidole chake, kwani Marko alisema kazi ya kitaalamu lazima iwe na msimamizi. Neno hilo lilimpendeza kuliko alivyotaka kukiri. Taa ya kijani iliwaka kwa wote kumi na wanne. Wakapiga vigelegele mpaka mafundi wakatoka karakana kuja kutazama, na kabla ya saa kumi Bwana Jafari alikuwa ameshaijaza ripoti: alama tisini na sita kwa mia.

Jumatatu Ida alitangulia kiwandani alfajiri. Mashine ilikuwa imefungwa getini, naye akasimama kando yake, ovaroli limepigwa pasi.

"Shikamoo, Mama Pili."

"Marahaba, mhandisi wangu."

Mama Pili alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kavaa kanga ya sikukuu. Akaweka dole gumba. Mashine haikusita hata kidogo: mlio mmoja, taa ya kijani, kisha maandishi. Akawageukia wenzake, uso umemng'aa. "Imenijua," alisema. Akamvuta Ida mkono. "Nisomee, mwanangu. Imeandika nini?"

Ida alisoma, akarudia kusoma. Geti halikufunguka.

SELESTINA ISAKA. AMEACHA KAZI KWA HIARI YAKE, IJUMAA. SHAHIDI: IDA ERASTO.