Ndege Iliyolala Dar

Tereza aliliona jaketi la mumewe likiingia kwa Evelina, fundi cherehani, jioni ileile ambayo mumewe alipaswa kuwa angani.

Alikuwa akifunga kibanda chake cha dagaa pale Mabatini. Giza lilikuwa limeanza kuingia na sura hakuiona, lakini jaketi lile halikuhitaji sura: la kijani, mabawa ya njano mgongoni. Malimi alizawadiwa na kampuni mpya ya ndege, mojawapo ya zile zilizozuka baada ya serikali kufungua soko, kwa kuwa kiwanda cha samaki kilimtuma Dar kila mara kufuata vipuri. "Mwanza nzima ninalo mimi tu," alijigamba, na mkewe akaamini.

Watu husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Tereza aliushiriki tangu siku ya harusi na hakukonda hata kidogo. Alimwonea Malimi wivu kwa wanakwaya, kwa wauguzi, hata kwa dada anayesoma habari redioni. Lakini hao wote hawakuwa na mlango unaojulikana. Evelina alikuwa nao, na chumba kimoja chenye dirisha la nondo.

Jioni ile hakugonga. Alifanya alichoona kinafaa, akaenda zake nyumbani Nyakato, akapanga nguo sandukuni. Kukikucha angerudi kwao Sengerema, na safari hii hakuna mjomba ambaye angemrudisha.

Asubuhi Malimi akaingia na begi lake, macho mekundu.

Tereza aliruka kama aliyeona mzimu. "Umefikaje hapa?"

"Kwa ndege, nitafikaje? Jana iliharibika, tukalala Dar kwenye mabenchi ya uwanjani. Imetuleta alfajiri hii."

Tereza akamzunguka. Akamkagua viganja, akamkagua magoti ya suruali. Hakuna mchubuko wala vumbi.

"Jaketi liko wapi?"

"Nilimfunika bibi mmoja aliyekuwa na homa. Tuliposhuka tukapotezana."

"Bibi! Ana miaka mingapi huyo bibi?"

"Mke wangu, nimechoka. Halafu nimepita kibandani kwako, mlango umefungwa kwa kamba tu. Dagaa wataibwa."

"Achana na dagaa wangu. Ndege ikichelewa hivyo, si wanalipa fidia?"

"Wametuambia tupite ofisini kwao mjini. Lakini yenyewe ni hela ya soda. Bora nilale."

Hapo ndipo alipojiponza. Ni nani Mwanza hii anayekataa hela ya bure?

"Twende tukadai," Tereza alisema. "Wakikutambua, nitaamini ulikuwa Dar. Wasipokutambua, sanduku langu lile pale."

Malimi akalitazama sanduku. Usingizi ukamwisha.

Njiani Tereza aliomba mambo mawili kwa pamoja: mumewe awe mwongo, ili yeye asionekane mjinga, na mumewe awe mkweli, kwa sababu alimpenda mno. Hilo la pili ndilo lililomuuma zaidi.

Ofisi ilijaa abiria wenye hasira. Kabla Malimi hajafika kaunta, bibi kizee mmoja aliinuka kwenye benchi, fimbo mkono mmoja, jaketi la kijani mkono wa pili.

"Baba, chukua nguo yako. Nilitetemeka usiku kucha, ni wewe uliyenifunika."

"Shikamoo bibi," Tereza alisema, sauti ikatoka ndogo.

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe mkewe? Tulivyokesha pale, alikuwa anakusema wewe tu."

Tereza aliona raha na aibu kwa mpigo. Alitamani kumkumbatia bibi, mumewe na foleni nzima. Akaahidi moyoni kwamba wivu basi, umekoma leo.

Ndipo karani alipogeuka kufungua dirisha. Mgongoni mwake, juu ya kitambaa cha kijani, kulikuwa na mabawa ya njano.

"Na hilo jaketi?" Tereza aliuliza.

"La kampuni, mama. Hapa Mwanza yako matatu: langu, la mumeo na la meneja."

Raha ikakatika.

"Tulipeni fidia yetu tukapumzike," Malimi alisema.

"Hela ipo, mzee. Ila anayeidhinisha ni meneja, na leo hajaonekana. Jana tulipopata habari kwamba ndege haiji, aliaga mapema, akasema anakwenda nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Watu waligeuka. Mlangoni alisimama mwanamke aliyejifunga kanga upande, macho yamevimba. Karani akamwamkia kwa woga. Alikuwa mke wa meneja.

"Mimi kaniambia atakesha uwanjani anaisubiri hiyo ndege yenu," mwanamke alisema. "Natoka uwanjani sasa hivi, tangu jana mchana hawajamwona. Hospitali nimefika, polisi nimefika. Kama kuna mwanamke semeni, nijue moja!"

Karani akainama kutafuta kalamu iliyokuwa sikioni kwake.

Tereza alipita katikati ya abiria, akamfuta mwanamke yule machozi kwa upindo wa kanga yake mwenyewe, kisha akatia mkono kwenye mkoba na kutoa ufunguo.

"Usilie, dada. Hajapotea. Nilimfungia mimi jana jioni, kwa kufuli la kibanda changu."